Mgombea Uliyemkataa

Naguru, Kampala
Jumapili

Kwa Baba mpendwa, Sajini Mstaafu Santo Ocaya,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama Husnah na wote walio nyumbani Kitgum. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, bado anafunga kila Jumatatu hata kwenye jua hilo? Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu. Ningeweza kupiga simu, ila neno hili ni refu, nawe hukata simu ukikasirika.

Barua yako ilinifika. Uliniomba, kwa kuwa mimi ndiye dereva wa polisi niliyepewa kazi ya kumwendesha Mheshimiwa Olweny katika kampeni yake ya urais, nikuambie ni mtu wa namna gani. Lakini hukungoja jibu. Ulisema umesikia redioni kwamba gari lake lilimgonga maskini pale Nakawa, na kwamba mtu anayekanyaga watu kabla hajapewa nchi, akipewa atawamaliza. Kura yako, ukaandika, hataiona.

Baba, nami nikueleze nilivyomwona.

Si malaika. Hotuba zake ni ndefu mno, na chai ikichelewa hukasirika kama mtoto. Lakini kule Kawempe mama mmoja alisimama akamwambia hadharani kwamba ahadi yake ya maji ni uongo, kwa sababu bomba analolisema haliwezi kupandisha maji kilima kile. Wasaidizi walitaka anyang'anywe kipaza sauti. Mheshimiwa aliwakataza, akatoa kalamu, akamwuliza kilimani kuna nyumba ngapi. Wiki iliyofuata alirudi pale pale akaifuta ahadi ile, akasema amewauliza mafundi na mama yule alisema kweli. Wasaidizi walinuna. Mimi nilishangaa, maana sijawahi kusikia mgombea akipunguza ahadi.

Sasa habari ya Nakawa. Tulikuwa tumechelewa mkutano, na mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. Karibu na soko, mtu anayeitwa Taban, msukuma toroli anayekaa Kisenyi, alikuwa akivuka barabara na mzigo wa matoke. Nilikanyaga breki, gari likateleza, likamgonga. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Watu walitujia na mawe. Byron, msaidizi mkuu, alinipigia kelele, "Endesha! Usisimame, watatuua!"

Mheshimiwa akasema, "Zima gari, Adoch."

Akashuka. Jiwe lilimpata begani, hakugeuka. Alipiga magoti kwenye matope, akamshika Taban kichwa mpaka tulipompakia ndani ya gari lile lile na kumpeleka hospitali. Mkutano wake hakuuona.

Waandishi walipouliza kosa ni la nani, Byron alikuwa tayari na jibu: dereva ni wa polisi, waulizwe polisi. Mheshimiwa alimzuia, akasema msafara ni wake, na aliyekuwa na haraka ya kuomba kura ni yeye, kwa hiyo lawama ni yake. Hayo ndiyo uliyoyasikia. Tangu siku hiyo kila tuendako anazomewa.

Baba, tafadhali soma hadi mwisho.

Mheshimiwa aliniambia mara mbili nipunguze mwendo. Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Mara ya pili niliitikia, "Ndiyo, mkubwa," huku nasoma ujumbe kwenye simu. Nilipoinua macho, Taban alikuwa mbele yangu.

Mheshimiwa aliiona ile simu. Kule hospitali nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Aliniambia kwamba anayetaka kuongoza nchi ataletewa makosa ya watu wengi kila siku, na akizoea kuyasukumia walio chini yake, mwishowe yatamwangukia mtu asiye na wa kumsukumia. Kisha akasema, "La msafara nimelibeba. La simu ni lako. Sitakusemea, wala sitakulazimisha."

Wiki tatu nilinyamaza. Niliogopa kupoteza kazi, nikakuogopa na wewe, uliyenilea kambini ukinifundisha kwamba askari anayekimbia kosa lake atakimbia na vitani.

Juzi nilienda Kisenyi. Taban alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta. Nilimwambia yote kwa kinywa changu. Mke wake, Sumayiya, aliyekuwa akinimiminia chai, aliweka birika chini akatoka nje. Taban akasema, "Umeniambia mimi. Waambie na wakubwa wako, na waandishi." Sikupewa msamaha, wala sikuthubutu kuuomba.

Nilirudi Naguru, nikaandika maelezo yangu mbele ya afande wangu na kutia sahihi. Wamenisimamisha kazi, nangoja mahakama ya nidhamu. Waandishi nao nimewaambia. Jina la ukoo wetu litatajwa, nami nisingependa ulisikie kwa mtangazaji kabla hujalisikia kwangu.

Kura yako ni yako, Baba. Mpe umtakaye. Naomba tu mtu yule usimnyime kwa kosa langu.

Mwambie Mama asilie sana, aniombee. Wasalimie majirani, hata watakaonicheka. Nawe ukiweza kuniandikia, niandikie, hata kama ni kunikemea.

Ni mimi binti yako,
Adoch