Neno Lililomwachisha Shangazi Vidonge

Nyuma ya kiwanda cha uchapaji,
Jumanne, 13 Mei.

Mpendwa Binamu,

U hali gani huko mgodini? Kile kikohozi cha vumbi kimekuachia? Natumaini wagonjwa wako wanakupa nafasi ya kulala. Huku tu wazima wote isipokuwa mmoja, naye ni mama yako. Simu yako haishiki tangu Ijumaa, kwa hiyo nampa barua hii dereva wa lori la vifaa.

Shangazi hajameza vidonge vya presha kwa siku tisa, na mimi ndiye niliyemwachisha.

Jirani yetu muuza majani ya kuchemsha, yule tunayemwita Profesa, alileta lebo zake zichapwe kwetu kiwandani. Jina la mmea linaishia na officinalis. Nilikagua kila herufi nikazipitisha. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu mama yako alikuwa na pakiti ya majani hayo mezani, akaniuliza maana ya neno lile. Unanijua: swali la kijiko, jibu la ndoo. Nikamwambia, "Kilatini hicho, Shangazi. Maana yake mmea wa dawa." Akanywa, akaridhika, akaacha vidonge bila kumwambia mtu.

Jana nilipanda kiti kumshushia vitambaa juu ya kabati, nikakuta vidonge vyake havijaguswa. Nikakimbilia kamusi, jambo ambalo mtu mwenye akili hulifanya kabla ya kufungua mdomo. Officina ni karakana tu, mahali pa kazi. Baadaye watawa waliita hivyo ghala walimoweka dawa zao. Basi officinalis inasema mmea huu uliwahi kukaa kwenye ghala hilo. Haisemi unatibu nini, wala kwamba unatosha presha ya mtu yeyote. Profesa anauza neno la ghalani kana kwamba ni cheti cha hospitali, nami nililipigia debe bure!

Nilirudi kwa Shangazi nikamweleza. Akasema, "Jumapili ile ulikuwa msomi, leo umeshakuwa mjinga? Si wewe unayebishana hata na redio?" Nikamwambia nimekosea. Hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Alicheka mpaka akashika meza, akaketi. Kuketi kule sikukupenda.

Zahanati hataki kuisikia. Maneno yangu yamekwisha thamani kwake, miaka yote hii nimeyatumia kushinda ubishi wa bure. Wewe ni muuguzi, na ni mwanawe. Lori linarudi Alhamisi. Panda.

Mkeo na watoto nawasalimu, na shemeji wa duka la viatu pia. Mungu akufungulie njia.

Nimeandika haya nikiwa chumbani mwake. Sasa hivi amenipa sindano nimtungie uzi. Anasema matundu yamekuwa mawili.

Akupendaye,
Binamu yako.