Supu ya Mama na Sifa za Watu

Chumba cha nyuma, duka la ushonaji,
Jumapili, 9 Mei.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi sana. Hujambo, na shemeji na wanangu hawajambo? Kazi ya kufua mashuka ya hoteli bado inakukata kiuno? Huku tu wazima, ila moyo wangu haujatulia.

Usishangae kupata barua. Simu nimeifungia kwenye kabati la vitambaa, na ufunguo anao fundi mwenzangu. Ananicheka, eti nimekuwa kama mlevi aliyeweka chupa rehani. Acha anicheke.

Dada, ni zile picha zangu nikimlisha Mama supu, zile ulizonisifia mtandaoni kwamba mdogo wako ni dhahabu. Ya kwanza niliituma kwa nia safi. Lakini sifa zilivyomiminika, we! Tangu mume wangu aniache sikuwa nimesikia ahsante ya mtu, hata wateja huchukua nguo wakilalamikia pindo. Nikanogewa. Nikawa namsogeza Mama dirishani apate mwanga, namfunga kilemba, namwambia atabasamu, hapana, rudia. Supu inapoa. Nikishatuma, kijiko mkono huu, simu mkono ule, nachungulia nani kasema nini. Siku watu wakinyamaza, nilimnunia Mama, eti hakutabasamu vizuri. Mungu anisamehe.

Juzi niliingia kwa Mama bila simu, ilikuwa kwenye chaji. Nikapeleka kijiko, Mama hakufungua mdomo. Nikabembeleza, wapi! Unajua tangu apooze maneno yake ni ya kuhesabu. Akainua ule mkono mzima, akakiweka sawa kilemba, akageukia dirisha na kutabasamu. Kisha akaniuliza taratibu, "Tayari?"

Kumbe kwake chakula huja baada ya picha. Nimemfundisha mimi, mwanawe. Nililia palepale, naye akazidi kutabasamu, akidhani bado sijapiga picha.

Nakuomba usinisifu tena popote. Ukipata ruhusa kazini, njoo umwone kwa macho yako. Ukikosa, mpigie fundi mwenzangu saa za chakula, Mama asikie sauti yako. Mimi namlisha bila simu mkononi sasa, lakini hajaamini. Hata leo mchana, kabla ya kijiko cha kwanza, alitabasamu.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu, na shangazi Maneno Mengi mwambie namkumbuka. Mungu akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Wako akupendaye,
Kitindamimba