Mimi Ndiye Niliyesema Hita Ikatwe

Kariakoo, Dar es Salaam
Mwezi wa saba

Mdogo wangu Festo,

Marahaba. Naijibu shikamoo ambayo hukuiandika. Barua yako imefika na muhuri wa kijiji, ina sahihi mbili, juu umeandika "Ndugu Eliza", na shikamoo haimo hata pembeni. Wewe ni mwenyekiti wa kijiji, sawa, nimesikia. Lakini mimi nilikubeba mgongoni ukanikojolea, na hilo halikufutwa na uchaguzi wowote.

Mimi sijambo. Magoti yanauma nikikaa kushona magunia na yanauma nikisimama, kwa hiyo nimeyaacha yaume. Kifua chako kimetulia? Wifi yangu, mguu umepungua uvimbe? Mwambie aache kuupaka mafuta ya taa, mguu si kibatari. Viazi vya bondeni vimeponea baridi kali ya sakitu mwaka huu, au vimeungua majani kama vya mwaka juzi?

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Tangu nimalize kisomo cha watu wazima simtafuti mtu wa kuniandikia. Wale waandikaji wanalainisha maneno ya watu, na leo sitaki neno langu hata moja lilainishwe.

Sasa tuje kwenye hiyo barua yako. Umeniambia kwamba Yeriko, mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake afariki, amelitoa lori la kijiji barabarani kwenye ile kona ya juu ya mto, likalalia ukingo. Kwamba magunia ya chumvi ya duka la kijiji yameangukia majini yakayeyuka. Kwamba katibu wenu amesimama mbele ya watu akasema dereva alikuwa amelewa ulanzi. Kwamba mmemwacha alete viazi huku mara hii moja tu kwa vile hamna mwingine, na akirudi halmashauri inakaa kumnyang'anya ufunguo, apewe shemeji yake katibu, ambaye wewe mwenyewe umeandika kuwa bado anajifunza kurudi nyuma. Na kwamba mlipomwuliza Yeriko ilikuwaje, aliinamisha kichwa akasema, "Sina la kusema."

Analo, Festo. Analo tele. Alipofika hapa na viazi nilimkalisha juu ya gunia nikamwuliza mara tatu, na mara tatu akaniambia, "Bibi, achana nayo, hayo ni mambo ya kijiji." Mara ya nne nikachukua shazia yangu ya kushonea magunia nikaishika hivi. Ndipo akasema, "Bibi, ningewaambia nini? Kwamba ni wewe?"

Ni mimi.

Sikiliza ilivyokuwa. Mwezi wa pili, joto la huku likiwa limekaza, nilipanda lori na Yeriko kwenda Buguruni kuchukua magunia matupu. Tumefika njiani, maji ya moto yakaanza kunidondokea miguuni kutoka chini ya dashibodi. Si matone ya mchezo, yameniunguza kidole. Tukaenda Gerezani kwa Fundi Shomari, huyo bwana mwenye tumbo ambaye hutengeneza malori akiwa amevaa kikoi. Akaingiza kichwa kule chini, akatoka, akasema, "Inavuja hita. Nikiitoa nikaitia lehemu ni siku tatu. Nikiikata nikaunganisha mipira ya maji moja kwa moja, ni kabla hujamaliza kunywa chai."

Yeriko akasema, "Fundi, tusiikate. Kule kwetu hiyo ndiyo inayokausha kioo."

Na mimi nikasema nini? Nimekaa pale jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, nikasema, "Kata. Hita ya nini? Mtu anaoga jasho anaweka na jiko ndani ya gari? Kata tuondoke." Yeriko akasema, "Lakini Bibi, mwezi wa sita..." Nikamwambia, "Wewe unifundishe mimi baridi ya kwetu? Mimi ndiye niliyezaliwa kule."

Fundi akacheka, akasema hajapata kuona mtu wa Dar analilia hita, malori yote yanayopita mkononi mwake huwa anazikata. Akaikata. Ile hita yenyewe nikaichukua nikaibadilisha kwa mfua vyuma, akanipa birika. Birika zuri, halivuji. Barua yako ilinikuta nikilinywea chai.

Kwa hiyo lori likapanda huko kwetu wakati wa kipupwe bila hita. Yeriko ameniambia yaliyompata, nami nakuandikia kwa kuwa yeye hatayasema. Tangu alipoipita Njombe kioo kilijaa ukungu kwa ndani na sakitu kwa nje. Alifuta kwa mkono wa shati. Alikisugua kwa sabuni, kikapata mistari. Alikisugua kwa kiazi kibichi kilichokatwa, maana kuna mtu alimwambia kinasaidia, nacho kikasaidia hatua mia halafu basi. Mwishowe akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, macho yanatoka machozi yanagandia shavuni. Kwenye kona hakuiona kona. Aliliona jiwe. Akachagua ukingo badala ya mto. Ningetaka kujua katibu wenu angechagua nini, akiwa hajalewa.

Anakunywa, ndiyo. Sitakudanganya. Nani kwetu asiyekunywa ulanzi, wewe? Lakini siku ile alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu Makambako, hata chai.

Nilisahau baridi, Festo. Hilo ndilo kosa langu, nami nalisema bila kupindapinda. Miaka ishirini na zaidi niko hapa nalala na dirisha wazi. Nikisikia "kwetu" naona nyumba, naona watu, naona kaburi la mama. Baridi nilikuwa nimeiacha nyuma. Haya, nimeandika.

Ila usidhani nililia. Yeriko aliponiambia, kesho yake alfajiri nilimtoa Fundi Shomari kitandani.

"Nirudishie hita," nikamwambia.

"Bibi, watu wanatafuta feni, wewe unatafuta moto?"

"Umenikatia, utanirudishia."

"Si ulisema mwenyewe nikate?"

"Nilisema. Na wewe ni fundi au kasuku?"

Tulienda kwanza pale wanapouza spea. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho, akasema, "Hakuna. Andika jina kwenye daftari, usubiri." Nikamwuliza nisubiri mpaka lini. Akasema mpaka zije. Nikamwambia baridi ya kwetu haijui daftari. Kwa mfua vyuma nako hita ilikuwa imeshayeyushwa zamani.

Basi tukatengeneza yetu. Fundi Shomari alikuwa na friji bovu la mwuza nyama, akalitoa bomba la shaba. Mimi nikachekecha mchanga mkavu, tukaujaza ndani ya lile bomba ukashindiliwa, tukaziba ncha mbili. Hapo ndipo likakubali kuzungushwa kwenye mchi wangu wa kutwangia bila kubonyea. Ningekuwa na binti hapa angeniuliza kwa nini mchi wangu una mikwaruzo. Tukautoa mchanga, bomba likawa limejikunja kama nyoka aliyeshiba. Tukalitia ndani ya debe tupu la mafuta ya kupikia, ncha zake fundi akazitia lehemu na kuziunga kwenye mipira ya maji ya injini. Feni ya zamani bado ilikuwepo chini ya dashibodi, nzima, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shida nayo. Tukaielekeza ipulize ndani ya debe.

Sasa joto liko kwenye debe, litafikaje kwenye kioo? Hapo fundi akakuna tumbo. Nikamwambia kaa pembeni. Nilichukua kipande cha turubai nikakishona kama mguu wa suruali, mishono miwili-miwili, kwa shazia na kamba ya katani, mwisho wake nikaufungia mdomo wa bati uliobanwa ukawa mwembamba. Huo unapumulia kioo. Nikashona mguu wa pili mfupi, wa miguuni kwa dereva. Suruali ya lori. Makuli wa sokoni wakaniuliza kama litavaa na shati.

Lakini nani angeniambia inafanya kazi? Huku hakuna baridi. Nikasema siwezi kumpeleka mtoto kule juu kwa maneno ya fundi aliyevaa kikoi. Nikaenda kwa wauza samaki nikachukua barafu, nikaitia ndani ya magunia, tukailaza juu ya kioo cha mbele kwa nje. Ndani nikaingia na sufuria ya uji unaochemka, nikafunga vioo vyote, Yeriko akawasha injini. Saa sita mchana, Festo, Kariakoo, jua la utosi. Watu wakajaa.

"Jamani, bibi anapikwa!"

"Bibi wa Njombe, umeiva? Tulete ndimu?"

Na mmoja, mwuza ndizi nisiyemjua hata kwa sura, akagonga mlango, "Mama, kama umekosana na mjukuu wako, toka tuzungumze."

Sikutoka. Mvuke wa uji ukapanda, kioo kikawa cheupe, sioni mtu wala soko. Nikaona alichokiona Yeriko. Yaani nilichokuwa sioni ndicho nilichokiona, utanielewa. Nikamwambia awashe feni. Ikapuliza. Ukungu ukaondoka, lakini upande wangu mimi abiria! Upande wa dereva, cheupe kilekile. Nilikuwa nimeshona ule mguu ukaangalia kushoto. Wale wa nje wakapiga makofi wakidhani tumemaliza. Nikashuka nimelowa kama aliyetoka mtoni, nikaifumua suruali yote, nikashona upya palepale barabarani, watu wakinizunguka na maneno yao.

Mara ya pili tulibadilisha barafu, nikachemsha uji mwingine. Kioo kikajaa weupe. Feni ikawashwa. Nikahesabu taratibu mpaka sitini, maana kisomo kilinifundisha na kuhesabu. Ukungu ukaanza kufunguka chini mbele ya usukani, upana wa kiganja, kisha wa sahani, kisha ungo. Nikauona uso wa Fundi Shomari kwa nje, mdomo wazi.  Kuli mmoja akasema polepole, "Mama huyu," akaja kunifungulia mlango.

Inavuja tone moja kwa safari, nimeweka kopo la maziwa chini yake, Yeriko anajua kulimwaga. Joto la miguuni ni dogo, atavaa soksi mbili. Sikusema ni nzuri. Nasema kioo kinakauka.

Sasa nakuja kwako. Chumvi iliyoyeyuka ni deni langu. Nimepanga foleni siku mbili na Yeriko anakuja nayo. Isiandikwe kuwa ni msaada wa ndugu yetu wa Dar. Andikeni ni malipo ya kosa.

Na barua hii utaisoma kikaoni, yote, kwa sauti, pamoja na pale nilipoutaja mkojo wako. Nimeishonea ndani ya kitambaa cha gunia, mshono utauona. Yeriko anakuletea na hajui kilichomo, anadhani ni salamu na dawa ya mguu wa wifi. Angejua angeitupa njiani, kwenye korongo la Kitonga. Mtoto mjinga huyo, anakubali kuitwa mlevi mbele ya kijiji kizima ili bibi yake asitajwe. Nani alimwambia mimi naogopa kutajwa? Nilikuja mji huu sina viatu. Nimetajwa mengi.

Katibu akisema ninamtetea mjukuu, mwambie ndiyo, namtetea, ni kazi yangu. Kisha mwambie aamke asubuhi ya sakitu, aingie ndani ya lori, afunge vioo, apumue. Feni ikiwa imezimwa aendeshe mpaka ile kona. Shemeji yake akae pembeni ajifunze. Baada ya hapo arudi kikaoni aseme tena kuhusu ulanzi.

Nisalimie wifi yangu, huo mguu aukande kwa maji ya chumvi. Msalimie shangazi yetu wa kule kanisani, nasikia bado anaimba juu kuliko kwaya nzima, asiache. Wasalimie wanao wote na yule mjukuu wako mpya, mwambie bibi yake wa Dar anamshonea mfuko. Katibu naye msalimie, sina kinyongo naye, nina hasira tu.

Mkimpa Yeriko ufunguo, mpeni hadharani, mbele ya walewale waliomsikia akiitwa mlevi. Mkiona lazima jina la mkosaji liingie kwenye kitabu cha kijiji, liingie, ila liwe langu. Andikeni: Eliza, mshona magunia, Kariakoo. Anapatikana kila siku isipokuwa Jumapili. Anayetaka kumhukumu ateremke huku.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Eliza