Tundu Lililohama kwenye Senti ya Baba

Mshauri mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa na senti kumi ya zamani juu ya meza, ile ya shaba yenye tundu katikati, na kwa sababu yake mimi na dada yangu Phelista hatusemezani, na mwisho wa mwezi huu kuna mazungumzo ya mahari ya binti yake Nekoye huko Kabuchai, na mimi ndiye mjomba, na kwetu Bungoma mjomba asipoketi wageni hurudi kwao na chai tu tumboni.

Mambo yalianza hivi. Baba alipofariki nilichukua debe lake la misumari, nati na vyuma vya plau kutoka nyumbani Misikhu, nikalileta hapa Kitale ninakoishi, ingawa plau yenyewe niliiacha kule nyuma ya ghala, na siku moja nikitafuta bawaba ya mlango nikaiona senti hiyo imeshikamana na nati moja kuukuu, na nilipoibandua nikashangaa, maana tundu lake limehamia upande mmoja na ni kubwa kuliko kawaida, na upande wenye taji la mfalme kuna duara lililobonyea kulizunguka tundu, na herufi zilizo karibu zimelala kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, na kulikuwa na doa la kutu nyekundu, ila upande wa pili wenye pembe za ndovu hauna duara lolote. Nikaupiga picha ule upande wa taji nikampelekea Gathii, fundi wa simu mjini ambaye hufuatilia habari za sarafu mtandaoni, naye akaruka kwenye kiti.

"Mzee, hii ni kosa la kiwandani bana! Watu wanatafuta hii na tochi. Usioshe, usiguse, hata usiipumulie!"

Tangu hapo nikawa nalala nikiiwaza, nikijiambia baba alituachia hazina bila kutuambia. Wiki hiyo hiyo Phelista akaja kunipa tarehe ya mahari, akalala kwetu, na asubuhi nikitoka kukamua nikamkuta jikoni amemaliza kuisugua kwa majivu, ndimu na ule waya wa sufuria, ananiinulia kwa furaha: "Kaka, hii kitu yako ilikuwa inanuka kutu. Angalia sasa, inang'aa kama jino la bibi harusi!"

Mshauri, nilimtamkia maneno ambayo naona aibu kuyaandika hapa, akachukua mkoba wake akaondoka kabla ya chai. Gathii alipoiona akasema, "Ameiua. Sasa ni chuma tu." Mama watoto naye hanipi nafasi, kila nikiishika ananiuliza, "Ati senti ndiyo dada yako siku hizi? Si ikupikie basi." Nimeapa kwamba sitakanyaga Kabuchai mpaka Phelista akiri ameharibu hazina ya baba, naye amemtuma mke wangu: "Mwambie nitaomba msamaha kwa kusugua, lakini si kwa kuua. Sijaua kitu." Jana Nekoye mwenyewe amenipigia, "Mjomba, unakuja ama niambie watu wasije?" nikajifanya mtandao umepotea. Naomba unieleze, je, senti hiyo ilikuwa kosa la kweli la kiwandani, na je, nina haki ya kukaa nyumbani?

Mjomba aliyekwama,
Kitale.

*

Mjomba wa Kitale,

Pole kwa kufiwa na baba, na pole kwa ukimya ulioingia baina yako na dada yako. Huruma yangu inaishia hapo kwa sasa, kwa sababu umemhukumu Phelista kabla ya kuikagua sarafu, na hata sarafu yenyewe umeitazama kwa macho ya mtu mwingine.

Elewa kwanza jinsi senti hiyo ilivyotengenezwa. Kipande cha shaba kilitobolewa kikiwa bado hakina maandishi yoyote. Baadaye ndipo kilipogongwa kwa chapa iliyokiachia taji, pembe, herufi, na ukingo mdogo ulioinuka kulizunguka tundu. Kosa la kiwandani hutokea kabla ya kugongwa huko au wakati wa kugongwa, na lina tabia yake. Tundu likitobolewa kando kwa bahati mbaya, ukingo ule hubaki katikati, kwa maana ukingo ni kazi ya chapa. Herufi iliyoangukia kwenye tundu haitakuwapo, lakini jirani zake zitasimama imara, kana kwamba hakuna lililotokea. Madhara ya baadaye, kinyume chake, huzikuta herufi zimekwisha kusimama, kwa hiyo huzilaza, huzipanua na kuzisukuma pembeni. Swali la kujiuliza ni moja: shaba hii haikuwahi kuinuka hapa, au iliinuka kisha ikabonyezwa?

Umekwisha kulijibu katika barua yako. Unasema herufi zimelala. Unasema duara limebonyea upande mmoja tu. Unasema kulikuwa na kutu nyekundu, nayo shaba haifanyi kutu ya namna hiyo. Kutu hiyo ni ya chuma, na chuma hicho kiliibana senti yako kwa muda mrefu. Na bila kushtuka unaniambia kwamba uliibandua kutoka kwenye nati! Baba yako alikosa washa ya plau, kile kisahani chenye tundu kinachowekwa chini ya nati, akachukua senti iliyokuwa na tundu tayari, akalipanua kwa tupa mpaka bolti ikapita, akakaza, akaenda kulima. Tupa ilikula zaidi upande mmoja. Ndiyo maana unaona tundu limehama.

Hata hivyo sijaishika senti hiyo, na sitaki uniamini kwa neno tupu. Chukua lenzi, simama juani, utafute ule ukingo ulioinuka. Ukiukuta umesalia katikati huku tundu likiwa kando yake, niandikie tena, nami nitakuomba radhi hadharani. Ukikuta umeliwa pale tundu lilipopanuka, kesi imekwisha. Kisha iweke ile nati juu ya duara uone kama vinalingana. Mwisho pita Misikhu uikague plau, uone ni bolti ipi iliyobaki bila washa.

Kuhusu kusugua, Phelista alikosea. Sarafu ya zamani haisuguliwi, na mambo ya watu hayaguswi bila kuuliza. Lakini hilo amekubali kuliombea msamaha. Unachomdai ni kitu kingine. Majivu na ndimu huondoa rangi. Waya huacha mikwaruzo. Hakuna hata kimoja kinachohamisha tundu. Kama senti ingekuwa na kosa la kiwandani, kosa hilo lingekuwapo hadi leo, katika sarafu iliyopungua uzuri. Kama halikuwapo, hapakuwa na cha kuua. Kwa vyovyote vile dada yako alisema kweli, tena kwa usahihi kuliko wewe na fundi wako. Gathii umuulize kwa upole kama aliwahi kuomba kuuona upande wa pili.

Haki ya kukaa nyumbani huna. Hata hazina ya kweli isingekupa haki hiyo, kwa sababu Nekoye hakusugua chochote.

Siku ya mahari fika Kabuchai kabla ya wageni. Usiitoe senti mbele ya watu kana kwamba unaleta zawadi. Mwite Phelista kando, umpe nati, kisha senti, azilinganishe mwenyewe. Huenda akacheka kabla hujafungua kinywa. Omba msamaha hata hivyo, ukiyataja yale maneno uliyoona aibu kuniandikia, kwa kuwa yeye anayakumbuka yote. Halafu mwachie senti hiyo. Ni kazi ya mikono ya baba yenu, na Phelista ndiye aliyeisafisha.

Hayo ni ya siku hiyo. Leo, ukimaliza kusoma, mpigie Nekoye. Swali lake halihitaji lenzi.