Wimbo wa Mdomo Uliofumbwa

Kijijini, karibu na Manyatta,
Embu.
Desemba 4, 1955

Kaka yangu mpendwa Ndambiri,

Nakusalimu katika jina la Bwana, hata kama uliniandikia nisikusalimu hivyo tena. Sijui salamu nyingine ya kufungulia barua, univumilie. U hali gani huko Kanyakine? Kile kikohozi kimekuacha? Mzee Kithinji na mkewe bado wanakulisha mpaka unashindwa kuinuka kitini? Na huyo Kanana wao uliyemtaja mara tatu katika ukurasa mmoja, yeye ni mzima? Cucu aliposikia jina hilo likisomwa mara ya tatu alisafisha koo, akasema basi mbuzi wa mahari ya mjukuu wake itabidi wafundishwe kuvuka mto Thuci. Mimi nikaendelea kusoma. Unanijua.

Sisi huku tu hai. Mama anakusalimu sana. Nyumba za kijiji hiki zimebanana hivi kwamba cucu akipiga chafya, mama wa nyumba ya pili ndiye anamwambia pole. Tumezoea. Mbuzi wetu mweusi amezaa, na maharagwe yangekuwa mazuri kama tungeruhusiwa kwenda kuyapalilia kwa wakati.

Barua hii nimempa Ahmednoor, yule mwenye lori linaloleta sukari na chumvi kutoka Meru mjini. Nimemwomba asiitie mkononi mwako kabla hujamaliza mtihani wa mwisho wa ualimu. Alijigusa kifuani akasema, “Mtihani kwanza, binti yangu. Barua haiozi.” Kwa hiyo kama unaisoma sasa, umemaliza. Hongera, mwalimu! Lakini ukishaisoma itie motoni. Usiifiche chini ya godoro. Ni kwa ajili ya Ahmednoor, utaona kwa nini.

Nimeandika kwa Kiswahili kama tulivyozoeshwa shuleni, ila safari hii si kwa kujizoeza. Nilijaribu kwanza kwa Kiembu, nikashindwa. Kwa Kiembu kila neno lina sauti ya nyumbani, na nilikuwa nalowesha karatasi.

Barua yako ya Septemba niliwasomea mama na cucu, isipokuwa pale uliposema umeacha kuomba. Pale uliposema mama ameomba tangu siku baba alipochukuliwa na serikali, na mlango wa kambi haujafunguka hata upana wa kidole. Nilipaona mbele kabla sijafika, nikaparuka, nikaanza kubuni habari za mvua. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mvua ya Kanyakine mwaka huu imekuwa ndefu ajabu. Nafikiri alijua. Hakuniuliza, lakini jioni hiyo alikutaja katika maombi kabla ya baba, na siku zote baba hutangulia.

Sasa nikueleze yaliyotupata mwezi uliopita.

Unajua wanawake wote wa hapa wanachimba lile handaki la kando ya msitu, la kuzuia watu wa msituni, hao wanaopigana na serikali, wasije kuchukua chakula. Asubuhi firimbi inalia, wanapanga mstari getini, wanahesabiwa, wanakwenda na majembe na mabeleshi hadi alasiri. Zamani waliimba wakichimba. Lakini Njura alipofanywa mkuu wa homgadi, hao walinzi wa serikali, hapa kijijini, alipiga marufuku nyimbo za kanisa handakini, kwa sababu watu wa msituni wamechukua tuni zetu wakazitia maneno yao ya vita. Alisema hawezi kukaa akikagua wimbo mmoja mmoja kama dengu.

Njura ni yuleyule. Yule aliyekaa na baba kwenye benchi la kwaya, benchi ambalo baba alilipiga randa kwa mkono wake. Baba sauti ya tatu, yeye sauti ya nne. Ulikuwa ukimwiga nyumbani hadi cucu anashika mbavu. Tangu ndugu yake alipouawa na watu wa msituni njiani akitoka sokoni hajakanyaga kanisa, na hata kofia haivui mbele ya mchungaji.

Jumanne moja mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nikamkuta cucu amekaa mlangoni bila kazi mkononi, nikajua kuna jambo. Akanieleza kwamba mama alikuwa anachimba, akaanza wimbo akiwa amefumba mdomo, mvumo tu puani, bila neno. Wenzake waliokuwa karibu wakaupokea, ukaenda na mstari wote wa handaki kama nyuki. Njura akaja mbio. Akauliza nani ameuanza. Mama akainua mkono. Akaulizwa umetiwa maneno gani, akajibu hauna maneno. Njura akamwambia hakuna mtu mzima anayeimba bila maneno, kama hayako mdomoni basi yamefichwa mahali. Ayaimbe hapo hapo, watu wote wasikie. Mama alimwangalia tu. Wanawake wakapiga kelele kwamba ni wimbo wa kanisa, naye akawajibu nyinyi nyote mko chungu kimoja.

Wakamfungia katika kibanda cha homgadi. Ijumaa lori la serikali lingepita kuchukua watu wa kupeleka kambi ya wanawake. Ndambiri, tungebaki mimi na cucu, na wewe unajua waliokwenda na lori hilo, kama kuna hata mmoja aliyerudi.

Nilimpelekea uji asubuhi iliyofuata. Kibanda kina ufa kati ya mbao, tukaongea hapo. Nikamwambia mama, uimbe tu hayo maneno, utoke. Akaniambia hawezi. Nikamuuliza ni wimbo gani basi, niwaeleze mimi. Akasema nisimwombe Njura kitu, nimwombe Mungu, na nisisahau kumkatia mbuzi majani. Nilikasirika. Niliona kama anachagua kwenda. Niliwauliza wanawake waliokuwa naye, kila mmoja akasema, “Muulize mama yako, mwanangu,” halafu ananitilia nduma katika kiondo changu, hata wale ambao hawana za kula wenyewe. Nilidhani ni huruma ya mama kufungwa.

Niliomba kama alivyosema, lakini maombi yenyewe hayakuwa mazuri. Nilimwambia Mungu kwamba kaka yangu amesema kweli juu yake. Nilimwambia hivyo nikikata majani, kwa sauti, mbuzi akinitazama.

Alhamisi cucu alinifunga kitambaa kichwani, akaniambia niende kwa Njura. Nikamwambia siwezi. Unakumbuka ule mchezo wa Krismasi, mwalimu akanifanya kondoo kwa sababu kondoo hana la kusema, na hata kulia kama kondoo nikashindwa nikajificha nyuma ya pipa la maji? Ni mimi yuleyule. Cucu akasema, “Ndiyo sababu uende. Kila mtu anajua Wambeti hawezi kudanganya, hata kusema kweli kunamshinda.”

Nilimkuta Njura nje ya kibanda, vijana wake wawili wakicheza bao la vijiwe chini. Nilisimama mpaka mmoja wao akauliza kama nimetumwa kupima kivuli. Wakacheka. Sijui nilisema nini, lakini nilisema kwamba nimekuja kwa ajili ya wimbo, na nyimbo za kitabu nazijua. Njura akauliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia kilichukuliwa siku baba alipochukuliwa. Akaniambia kama nazijua, nimtajie huu. Halafu yeye mwenyewe, na bunduki begani, akafumba mdomo akauvumisha ule wimbo ili niusikie.

Aliuvumisha vizuri, Ndambiri. Hakukosea mahali.

Niliujua mara moja. Ni ule tunaouimba kaburini, udongo ukishaanza kurudishwa. Nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu niliona mama amepona. Nikaanza kuuimba na maneno yake, macho yangu kwenye viatu vya Njura. Ubeti wa kwanza nikaumaliza. Katika ubeti wa pili ndipo nilipojiuliza mama alikuwa anamzika nani.

Sauti ikaniishia hapo. Wale vijana walikuwa wameacha vijiwe vyao. Njura alisogea kwenye ule ufa wa mbao akauliza kwa Kiembu, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, “Ni Munyi?”

Na mama akajibu kutoka ndani kwamba ni yeye.

Kaka, ndivyo nilivyosikia. Baba yetu hayupo. Homa ya matumbo ilimchukua kambini mwezi wa Oktoba. Sijui njia nyingine ya kukuandikia, nimeitafuta siku nyingi.

Wakati huo Njura alivua kofia. Akaanza ubeti wa tatu, sauti ya nne, ile unayoiiga. Mama akauingia kutoka ndani, mdomo umefumbwa, na mimi nikatafuta maneno yangu nikayapata kwa shida. Sauti ya tatu haikuwako. Tulipomaliza Njura akavaa kofia, akawafokea vijana wake wafungue, huu ni wimbo wa kanisa, wanakaa bure wanafungia watu. Akamfokea na mama pia, kwamba kesho firimbi ikilia awe getini kama wengine. Lakini hakuuliza mama aliipata habari kwa nani. Wala hajauliza mpaka leo.

Habari aliileta Ahmednoor. Bwana mmoja wa Meru anayeitwa Muthamia, aliyetolewa kambini, alipanda lori lake akamweleza. Anayetoka amekatazwa kubeba maneno ya ndani, na mwenye lori akipatikana nayo atanyang'anywa ruhusa ya barabara na kufungwa pia. Ndiyo maana mama alifumba mdomo. Angesema maneno ya wimbo, angeulizwa nani amekufa. Angesema nani, angeulizwa umejuaje. Na kitu kingine, alitaka wewe umalize mtihani kwanza, na mimi nisiipate habari midomoni mwa watu. Muthamia alisema siku za mwisho baba hakuwa na nguvu ya kutamka, akawa anauvumisha wimbo huo, na wenzake mle ndani wakauvumisha naye hadi alipotulia. Mama hakuruhusiwa kukusanya watu amlilie mumewe. Akaona amzike kwa namna aliyosikia ameimbiwa.

Ijumaa lori lilipita bila yeye. Alikuwa handakini, na nilikwenda naye, shule ilikuwa imefungwa. Wanawake waliuanza tena, midomo imefumbwa, na kila mmoja akitupa beleshi lake la udongo juu alilitupa taratibu, si kama mtu anayechimba. Nilimnong'oneza mama kwamba sisi udongo tunautoa, hatuufukii. Akaniambia tutupe tu, Bwana anajua alipolala, ataufikisha. Njura alisimama ukingoni ametugeuzia mgongo. Firimbi alikuwa nayo mdomoni, hakuipuliza hadi ubeti wa mwisho ukaisha.

Nilikaa wiki nzima bila kuomba. Nilimwambia mama, nikidhani atanipiga. Alisema nipumzike, yeye na wenzake wataniombea zamu yangu mpaka nirudi. Nimerudi juzi, kidogo. Akasema nawe amekuwa akikushikia zamu yako tangu Septemba, na hajachoka. Nimekwambia alijua!

Sitakuhubiria, wewe ndiye mwalimu. Ila leo ukibaki peke yako na ukaona huna la kumwambia Mungu, ufumbe mdomo, uuvumishe ule wimbo. Sauti ya tatu ni yako sasa, hakuna mwingine nyumbani anayeifikia.

Cucu anakusalimu, anasema ule. Mama anasema njoo mara tu utakapopata pasi ya kusafiri, na benchi la baba liko palepale kanisani. Jumapili hii Njura alikuja hadi mlangoni. Hakuingia, lakini kofia ilikuwa mkononi.

Wasalimie wote wa nyumba hiyo, na Kanana mara moja tu. Bwana akulinde hadi tuonane.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye,
Wambeti wa Munyi