Waliolia Nyuma Yangu

Mkomani, Amu

Kwa dada yangu Rumaisa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe, shemeji na watoto, na kazi ya hospitali huko Mombasa isiwe inakumaliza. Huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Goti la Mama limepata nafuu na ameanza tena kuwasumbua mafundi wa dari. Wifi yako Mwanamkisi anakusalimu sana na anauliza kama ule udi ulifika.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwa simu ungenisikia sauti, ukanihurumia kabla sijamaliza, na mimi sistahili huruma. Nimempa Abdulkadir, anayesafiri kuja huko, bahasha hii akutie mkononi.

Wajua kwamba Ramadhani iliyopita nilishika uimamu wa msikiti wetu wa mtaa baada ya Baba kufariki. Katika tarawehe, nilipokuwa nikisoma aya za adhabu, moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa kushuka. Nilidhani nakufa pale pale kwenye mihrabu. Sauti ikakatika, nikarukuu kabla ya mahali pake huku machozi yananitoka kwa kuogopa kuanguka. Nilipotoa salamu, nilikuta safu ya kwanza inalia. Wazee wakanibusu mkono wakisema huyu ana khofu ya Mngu kama babake. Nikawaacha waamini hivyo. Hali ile ikarudi tena na tena, na watu wakaanza kuja kutoka mitaa mingine kumsikiliza imamu anayelia.

Ni Mwanamkisi aliyeona kanzu zangu zinavyorudi zimelowa jasho, akakueleza. Nawe ukanitumia kwenye simu yale maswali ya kupima wasiwasi na hofu za ghafla, ukaniambia hayatoi hukumu ya ugonjwa, yanaonyesha tu kama mtu afaa kumwona daktari. Nikakujibu kwamba nimejaza na sina kitu. Ulifurahi, ukampigia Mama kumtuliza.

Sasa nikueleze habari ya Badawi, yule fundi wa milango aliye jirani yetu. Husali safu ya nyuma. Alianza kutoka katikati ya sala, ameshika kifua, anawapita watu waliosujudu. Halafu akaacha kabisa kuja sala ya jamaa, akaacha na harusi, na hata maziko ya ami yake hakuenda. Watu wakaniuliza mimi, maana ndiye imamu. Nikasema katika darsa, kipaza sauti kiko wazi na mtaa mzima unasikia, kwamba anayekimbia safu ameshindwa na shetani na imani yake ni nyepesi. Sikumtaja jina, wala haikuhitajika. Wiki hiyo hiyo ndugu za mkewe Raihana walikuja kumchukua Raihana wakarudi naye kwao Kipungani. Walisema hawamwachi dada yao na mtu aliyetawaliwa na shetani.

Badawi hakunijia kwa ugomvi. Alikuja kwangu amekonda, akaketi kwenye baraza la daka akiangalia mlango, akaniomba nimfundishe namna ya kuigeuza hofu yake ili iwe kama yangu. Nilimwambia afunge Jumatatu na Alkhamisi, nikamsindikiza nje.

Dada, mimi nilikudanganya. Kila swali nilibonyeza "hata kidogo". Palipoulizwa kama naishi nikiogopa kwamba hali ile itarudi, nilibonyeza hivyo hivyo, na wakati huo nilikuwa siwazi jingine tangu alfajiri. Nilikuwa nayajua majibu ya kweli. Nilikuwa najua pia, nilipokuwa nasema kwenye kipaza sauti, kwamba alilonalo Badawi ndilo nililonalo mimi. Yeye yuko nyuma karibu na mlango, anaweza kutoka. Mimi niko mbele na ukuta wa mihrabu, sina pa kukimbilia. Kwa hilo tu, yeye akaitwa wa shetani na mimi nikaitwa mcha Mungu. Nikaupokea ule utukufu kwa sababu ulikuwa mtamu. Naona haya hata kuandika.

Jana nilikwenda karakanani kwake. Nikayafungua maswali yale mbele yake, nikajibu yangu kwanza, kwa ukweli, kwa sauti. Kisha akajibu yake. Sote wawili simu ilituambia tumwone daktari. Nilingoja anitukane, na ningeona nafuu. Alifuta vumbi la mbao kwenye kioo cha simu, akanirudishia, akaniuliza kwa upole kabisa wale waliolia nyuma yangu walikuwa wanalia nini.

Ijumaa nitayasema haya kwenye kipaza sauti kile kile, mtaa usikie. Kisha nitakwenda Kipungani kwa wakwe zake, wakinifukuza wanifukuze. Nakuomba ututafutie daktari sote wawili. Badawi amekubali kusafiri kuja huko, kwa sharti kwamba kwenye basi tukae viti vya karibu na mlango, na mimi nikae upande wake.

Habari hii Mama umpe wewe kabla ya Ijumaa, kwa maana uso wa kumtazama sina. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na uniombee msamaha kwa Mola kama utakavyoweza kunisamehe mwenyewe. Wassalam.

Nduguyo,
Muhdhar