Kisanduku Chako cha Tatu

Mpendwa mke wangu wa zamani,

Jina lako sitaliandika hapa, wala la mdogo wako, wala langu. Utajijua. Natuma barua hii gazetini kwa sababu visanduku vyako vyote vya barua pepe ulivifunga wiki ileile uliyoondoka Morogoro, na tangu hapo sijamuuliza mtu uko wapi. Hilo la mwisho si kweli. Nimewauliza watu wawili, hawakujua.

Daftari langu la kila siku liko mbele yangu, lile ulilokuwa ukilicheka. Kiwanda kilipobinafsishwa na sisi wa stoo tukapunguzwa, nilipata kazi ya kusimamia intaneti kafe karibu na stendi. Ukaingia na futi ya fundi ikining'inia shingoni, ukataka nikufundishe barua pepe. Ulifungua kisanduku kimoja kwa jina lako la kwenye cheti, cha kuombea masomo ya jioni Mzumbe. Juma lililofuata ukafungua cha pili kwa jina la kibanda chako cha ushonaji, kwa ajili ya wateja. Nikakuuliza kwa nini usitumie kimoja.

"Bwana Stoo," ulisema, "hata wewe huweki mchele na mafuta ya taa rafu moja."

Nilikupenda siku hiyo. Nimeandika tarehe na saa.

Tulipokwisha kuoana tulipanda kwenu, juu ya Mlali, mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye migomba. Ukanionyesha nyumba uliyowekwa ndani ulipokuwa mwali. Ulisema jina lako la utoto lilibaki humo siku ulipotolewa. Mtu akikuita nalo sasa, amekutukana. Ukaninong'oneza mara moja tu. "Umelisikia? Basi limeze."

Kisha nikagundua kuwa una kisanduku cha tatu, kwa jina la kubuni. Kila Jumanne ulikaa mashine ya nne, ile iliyopakana na ukuta, na nikipita nyuma yako ulifunika kioo kwa kanga. Nasoma daftari: "Jumanne. Dakika arobaini. Ametabasamu mara mbili." "Jumanne. Dakika hamsini na tano. Amefuta machozi. Nyumbani hajasema kitu." Nilihesabu tabasamu zako kama nilivyokuwa nikihesabu magunia, na kila moja niliiona imetoka stoo kwangu bila hati.

"Unamwandikia nani?" nilikuuliza.

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mume wangu, nimekupa kila kitu. Hicho niachie."

Sikukuachia. Ijumaa moja, saa ya sala, kafe ikiwa tupu, nilikaa mashine ya nne. Kwenye neno la siri nilijaribu jina la mama yako, nikajaribu mwaka wako wa kuzaliwa. Halafu nikaandika jina la utoto, lile ulilonipa nilimeze. Kisanduku kikafunguka.

Zilikuwa barua za mwanamume uliyemkimbia Singida, yule aliyekuachia kovu la kiwiko. "Mtoto ameng'oka jino la kwanza. Anakuulizia. Uko wapi?" Wewe ulimjibu mistari miwili mitatu, ukiuliza binti anakula nini, analala saa ngapi, na mwishoni kila mara: "Asante sana." Leo naelewa kwamba hiyo asante ndiyo iliyokupatia habari za mwanao. Naelewa kwamba ulikimbilia barua pepe kwa kuwa barua ya posta hugongwa muhuri wa mji. Siku ile niliona jambo moja tu: yeye alikuwa na barua zako kumi na tisa, na mimi mumeo sikuwa na hata moja.

Nikamjibu humohumo. Nikaandika kama nilivyofundishwa sekondari: anwani juu upande wa kulia, sanduku la posta, Morogoro, tarehe chini yake. "Mimi ndiye mumewe halali. Usimwandikie tena." Nikaisoma mara mbili kuhakiki lugha. Nikaituma.

Mwezi haukuisha akaja. Alipitia kwenu Mlali, kisha akateremka mjini. Ulimwona ng'ambo ya barabara akimuuliza fundi viatu, ukatokea mlango wa nyuma na mkoba wako, gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano. Ulinipigia kutoka Mikese, kwenye simu ya dukani.

"Amepitia Mlali kwanza," ulisema. "Mdogo wangu ameniuza."

Ningeweza kusema neno moja la kumsafisha. Nikasema, "Pole."

Miaka saba mdogo wako ameniletea ndizi kila msimu, akiuliza kama umeandika, akishangaa amekukosea nini. Mwezi uliopita nilimwambia ukweli, mlangoni pangu, mkungu ukiwa bado kichwani kwake. Aliutua.

"Shemeji, miaka yote hii mimi nakula lawama yako, na wewe unakula ndizi zangu?"

Nikasema ndiyo.

"Yule mwanamume nilimwambia dada yangu amekufa. Nikalia machozi ya kweli, mpaka mama akanizaba kibao kwa uchuro. Kumbe wewe umeshampa anwani." Akajitwika tena mkungu wake, akaondoka nao. Kwenye kona akageuka. "Mwandikie. Ila usiseme nimekusamehe, maana bado."

Basi nimeandika. Mdogo wako hakukuuza. Ni mimi, na nikakuacha umchukie yeye kwa sababu kwa kumchukia yeye uliniacha huku bado ukinililia mimi. Nilikuibia mdogo wako na njia ya kupata habari za binti yako. Sasa mdogo wako ana simu ya mkononi. Namba yake anayo yule uliyemshonea gauni la harusi bila kumpima. Mimi simjui; mdogo wako amesema wewe utamjua.

Sikuombi unitafute. Nasikia wivu hata kwa anayekuuzia nyuzi huko uliko, na mtu wa namna hiyo hafai kujua mlango wako. Mpigie mdogo wako. Lakini usimwambie mtaa, wala kazi, wala kama umeolewa, kwa maana atakaporudi kuniletea ndizi nitamuuliza.

Buriani,

Aliyekuwa mumeo